Nyumba ya Kiswahili ndani ya kabati: namna ya kuijenga kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinaisha. Pale palipokuwa na korido, vyumba sita na ua, sasa pana ghorofa. Magomeni, Buguruni na Temeke bado zipo za kutosha kupimwa. Anayetaka kuihifadhi moja, pamoja na kitanda chake, mbuzi yake ya nazi na dumu la maji lililo mlangoni pa choo, anaweza kuijenga ndani ya kabati la kioo lenye upana wa sentimita 72. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa vifaa vinavyopatikana Dar es Salaam.

Kazi ya namna hii ilistawi sana Uholanzi, karne ya 17 na ya 18, mikononi mwa wanawake watu wazima. Watoto hawakuruhusiwa kuchezea makabati hayo. Petronella Oortman wa Amsterdam, mke wa mfanyabiashara wa hariri Johannes Brandt, alilijaza kabati lake kuanzia mwaka 1686 hadi 1710 hivi. Leo liko Rijksmuseum: kimo sentimita 255, upana 190, kina 78. Marumaru yake ni marumaru kweli, fedha ni fedha, na vyombo vya kauri viliagizwa China. Sara Rothé, aliyezaliwa 1699, alinunua makabati matatu ya zamani ya aina hii mnadani mwaka 1743, akayatumia kuunda makabati mawili mapya. Moja liko Frans Hals Museum mjini Haarlem na jingine Kunstmuseum mjini The Hague. Daftari lake la matumizi limebaki, na ndilo linalotuwezesha leo kufuatilia alivyoyajenga makabati yake.

Kwao tunachukua mambo matatu: vyumba vilivyo wazi kwa mbele, kila kitu kutengenezwa kwa malighafi yake halisi inapowezekana, na daftari. Lakini kabati la Amsterdam halikuwa na masika wala mchwa wala hewa ya chumvi ya baharini, kwa hiyo sehemu kubwa ya ujenzi wetu ni kujikinga na hivyo.

Kupima nyumba ya kweli

Kipimo cha 1:12 kinafaa mno hapa kwetu kwa sababu mafundi wetu bado wanafanya kazi kwa futi. Kila futi moja ya nyumba inakuwa inchi moja ya kijumba. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 5 kwa 6, basi. Ukipima kwa sentimita, gawanya kwa 12: sufuria yenye upana wa sentimita 24 inakuwa sentimita 2. Chagua njia moja uifuate mpaka mwisho, maana kuchanganya futi na sentimita katikati ya kazi ndiko kunakozaa mlango usioingia kwenye fremu.

Usikisie. Piga hodi kwenye nyumba unayoitaka, msalimie mwenye nyumba kwa heshima yake, mweleze unachofanya, kisha omba kupima. Wazee wengi wakishaelewa ni kitu gani, watakuonyesha hata mahali kinu kilipokuwa kinakaa. Andika upana na kina cha chumba, kimo cha ukuta, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, upana wa korido, unene wa ukuta unaoonekana mlangoni, kimo cha kizingiti, na mahali rangi ya mafuta inapoishia ukutani. Piga picha kila ukuta huku rula au tepu ikionekana ndani ya picha. Bila hivyo picha haitakusaidia chochote miezi mitatu baadaye. Pima vyombo navyo, kimoja kimoja. Jicho la mtazamaji hupima kila kitu kwa kukilinganisha na cha jirani yake, na kikombe kimoja kikubwa kupita kiasi hukifanya chumba kizima kionekane cha plastiki.

Vipimo tunavyotumia hapa ni vya nyumba ya kawaida: chumba futi 10 kwa 10, korido futi 5, ukuta futi 9, tofali la inchi 6 lenye plasta nusu inchi kila upande. Kama nyumba yako ina vipimo vingine, fuata vya nyumba yako.

Mpangilio

Nyumba nzima ya vyumba sita kwa kipimo hiki inafika sentimita 70 kwa 82 bila ua, na hutaweza kuona vyumba vya katikati. Kwa hiyo kabati linabeba sehemu mbili tu. Ghorofa ya juu ya kabati: vyumba viwili vya mbele na kipande cha korido katikati yake, ukivitazama ukiwa umesimama ndani ya nyumba na uso umeelekea barabarani. Ukuta wa nyuma wa kabati ndio ukuta wa mbele wa nyumba, wenye madirisha mawili na mlango mkuu. Ukiuacha mlango huo wazi na taa ikiwaka nyuma yake, mwanga unaingia kama wa barabarani. Ghorofa ya chini: ua wa nyuma, yaani jiko futi 8, eneo la wazi futi 12, choo futi 5. Jumla futi 25, sawasawa na juu (10 + 5 + 10). Hivyo ghorofa zote mbili zina vitako, yaani mbao za sakafu, vya ukubwa mmoja.

Kabati la nje mpe fundi wa Keko alitengeneze. Vipimo vya ndani: upana sentimita 72, kina 32, na kimo sentimita 28 kwa kila ghorofa. Sisitiza neno "ndani", na uliandike kwenye mchoro. Fundi aliyezoea makabati ya nguo hupima nje, na mbao zake za milimita 18 zitakula zaidi ya sentimita 3 za upana wako. Miguu iwe na urefu wa sentimita 10 angalau. Milango ya kioo cha milimita 4, na mpira mwembamba kuzunguka fremu ili vumbi lisiingie. Mwambie asibane kabisa mgongo wa kabati: aache tundu mbili za sentimita 3, moja chini na moja juu, zizibwe kwa wavu laini wa shaba au wa chuma cha pua. Kabati lisilopumua hufuga ukungu.

Kila ghorofa ya kijumba ni sanduku linalojitegemea, linalochomoka kama droo. Ukiligandisha moja kwa moja kwenye kabati, siku taa moja ikizimika utalazimika kuvunja ukuta.

Kukata na kuunga

Tumia plaiwudi ya milimita 12, ile inayostahimili maji. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ni laini kukata lakini ikinyonya unyevu kingo zake huvimba na hazirudi tena. Usiitumie hata kwa sehemu zilizofichika.

Nusu ya plaiwudi moja inatosha, ikipasuliwa kwa urefu: futi 8 kwa futi 2, yaani milimita 2440 kwa 610. Muuzaji akate vipande virefu viwili, kimoja cha upana wa milimita 229 na kimoja cha 269. Cha 229 kinatoa kuta mbili za nyuma zenye urefu wa milimita 695 na kuta nne za kugawa vyumba za milimita 254. Cha 269 kinatoa vitako viwili vya milimita 695, na mabaki yake yanatoa kuta nne zilizobaki baada ya kupunguzwa upana hadi 229. Hesabu ya milimita 3 zinazoliwa na msumeno kila mkato imo ndani ya vipimo hivyo. Plaiwudi ya milimita 12 ikiongezwa plasta ya milimita moja na nusu kila upande inafika milimita 15, ambao ndio unene wa ukuta wa tofali la inchi 6 kwa kipimo chetu.

Toboa nafasi za milango na madirisha kabla ya kuunga chochote. Mlango wa futi 2 na nusu kwa 6 na nusu unakuwa milimita 63 kwa 165, ongeza upana wa fremu.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza: kabla ya kupaka plasta, paka kila kipande gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, gundi kipimo kimoja kwa maji vitatu, pande zote mbili na kwenye kingo. Plaiwudi iliyolowa upande mmoja hujikunja kuelekea upande unaokauka, na ukuta ukishapinda milimita 4 hakuna msasa utakaounyoosha. Acha vikauke kwa kusimama, hewa ipite pande zote, usiku mzima.

Unga kwa gundi nyeupe na misumari myembamba ya shaba, ukianza na ukuta wa nyuma juu ya kitako, kisha kuta za pembeni, mwisho kuta za korido. Kagua kila kona kwa skwea kabla gundi haijashika. Kwa kugawa nafasi, kata kipande cha ubao chenye milimita 257 na kingine cha 130, uviweke kati ya kuta wakati wa kubana; zile milimita 3 za ziada zitajazwa na plasta. Kwa ghorofa ya chini vipande ni milimita 206, 308 na 130.

Misumari ya chuma cha kawaida isitumike popote kwenye kijumba. Hewa ya Dar huipa kutu, na kutu hupenya hadi kwenye rangi ikaacha doa la kahawia lisilozibika. Shaba au chuma cha pua tu, hata kwa pini.

Taa kabla ya plasta

Tumia LED ndogo za milimita 3 zenye mwanga wa manjano, chaja ya simu ya volti 5, na rezista (kipunguza umeme) ya omu 220 kwa kila taa. Kila taa iwe na rezista yake. Ukiziunganisha taa nne kwenye rezista moja, hazitagawana umeme sawasawa: moja itawaka kuliko zingine, itakufa kwanza, na zilizobaki zitafuata. Taa kumi na mbili kwa mpangilio huu hazifiki hata robo ya uwezo wa chaja ya kawaida. Mguu mrefu wa LED ndio wa chanya. Jaribu kila moja kabla ya kuificha.

Nyaya zipite ndani ya mfereji mdogo uliochimbwa juu ya kuta na ziteremke nyuma, kwenye nafasi ya sentimita 4 iliyoachwa kati ya sanduku na mgongo wa kabati. Taa ya mrija ya futi 2 inakuwa inchi 2: chukua mrija mweupe wa kalamu ya wino iliyokwisha, uusafishe kwa spiriti, utie LED mbili zinazotazamana kutoka kila ncha. Balbu zenye uzi wa moto zisitumike, wala mshumaa kwa ajili ya picha.

Plasta, rangi, sakafu

Skimu ileile mafundi wanayopiga kwenye nyumba inafaa. Ipepete kwanza kwa kitambaa chembamba, kwani punje zisizoonekana kwenye ukuta wa kweli huwa mawe kwenye ukuta wetu. Paka koti mbili za nusu hadi robo tatu ya milimita, siku moja katikati. Koti moja nene hupasuka, kwa sababu juu hukauka na kusinyaa wakati chini bado ni bichi. Usiifanye nyororo mno. Ukuta wa nyumba ya Kiswahili una mawimbi ya mwiko, na kitambaa chenye maji kilichopitishwa kwa duara kabla haujakauka kinayaleta.

Rangi ya juu iwe ya maji, nyeupe iliyotiwa tone la kahawia. Nyeupe tupu ndani ya kabati lenye taa inauma macho. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi pale ulipopima kwenye nyumba, ni rangi ya mafuta, na hapa kuna mtego: mng'ao haupungui kwa kipimo. Rangi ya mafuta yenye mng'ao wa kawaida itaonekana kama kioo. Paka isiyong'aa, kisha ikikauka isugue kwa kitambaa kikavu mahali migongo na mikono inapogusa, karibu na milango na usawa wa kitanda.

Sakafu nyekundu ya saruji inatengenezwa kwa skimu iliyochanganywa na unga wa rangi nyekundu ya sakafu. Imwage milimita 2, isawazishe, iache siku mbili, piga msasa laini, kisha paka nta ya sakafu kwa kidole. Korido ichakae katikati zaidi kuliko pembeni. Ua haupakwi nta. Nyunyiza mchanga uliopepetwa sana juu ya gundi mbichi. Mchanga uwe wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi inavuta maji hewani, na ikifika Aprili ua wako utakuwa na madoa.

Milango, nondo na mabati

Mlango ni ubao wa milimita 3 na huzunguka juu ya pini mbili za shaba, moja imeingia kwenye fremu juu na nyingine kizingitini, milimita 2 kutoka ukingo. Vidude vya bawaba halisi ni vigumu kupata vya ukubwa huu, na pini inadumu zaidi.

Nondo ya dirisha ya milimita 12 inakuwa waya wa milimita 1. Nyoosha waya wa shaba kwa kubana ncha moja na kuuvuta kwa koleo hadi ujisikie umelegea kidogo. Utakaa wima milele. Wavu wa mbu ni soksi nyembamba ya kike, nyeusi au ya kijani, iliyonyooshwa juu ya fremu ya karatasi ngumu. Hakuna wavu wa dukani ulio laini kiasi hicho.

Mabati ya paa la jiko na choo ndiyo sehemu inayowapendeza watu kuliko zote, na inastahili subira. Mgongo hadi mgongo wa bati la kawaida ni inchi 3, kwa hiyo kwetu ni milimita 6.3. Gandisha vijiti vya mishikaki vya milimita 3 juu ya ubao, katikati ya kijiti hadi katikati ya kinachofuata iwe milimita 6.3. Kata kopo la soda la aluminiamu, ondoa rangi kwa msasa, na ulikate pana kuliko unavyohitaji kwa asilimia 15, maana migongo inakula upana. Laza bati juu ya vijiti, ulibonyeze kwa kijiti cha ziada ndani ya mfereji wa kwanza pembeni, kisha wa pili, ukienda upande mmoja tu mpaka mwisho. Anayebonyeza mifereji yote kwa pamoja, au anayeanza pande mbili akutane katikati, atalichana, kwa sababu bati halina pa kujivutia. Kina cha milimita moja na nusu kinatosha; usilifikishe chini kabisa.

Kopo la mililita 330 linatoa kipande cha karibu sentimita 20 kwa 9. Kabla ya kupaka rangi, lisugue kwa siki na ulioshe, vinginevyo rangi itabanduka kwa ukucha. Kutu ya rangi iwekwe mahali kutu ya kweli inapoanzia: kwenye vichwa vya misumari na pale bati moja linapolalia jingine. Paa lote likiwa jekundu linakuwa si nyumba inayokaliwa tena.

Mbao za samani

Mninga na mkongo ni mbao nzuri kwa kitanda unachokilalia. Kwa kitanda cha inchi 5 kwa 6, nyuzi zake ni pana mno, na mguu wa milimita 5 unabeba vinyweleo vinavyoonekana kama mashimo. Tafuta mbao zenye nyuzi za kubana: mpera, mlimau, mchungwa. Matawi yaliyokatwa wakati wa kupogoa yanatosha. Yapasue katikati yakiwa mabichi, paka nta au rangi kwenye ncha, yaweke kivulini kwa miezi mitatu. Ncha zisipozibwa, maji hutoka haraka mno hapo na tawi linapasuka hadi katikati. Kwa weusi, omba mabaki ya mpingo kwa wachongaji wa Mwenge. Kipande cha ukubwa wa kidole kinatoa kinu na mchi wake. Kinu cha inchi 18 kinakuwa milimita 38.

Rangi ya mninga ipatikane kwa chai ya rangi nzito iliyopakwa mara mbili tatu juu ya mpera, halafu vanishi isiyong'aa koti moja. Paka vanishi baada ya kuunga, lakini paka chai kabla. Gundi iliyomwagika huziba mbao, na chai haitaingia tena pale.

Supagluu itumike kwa chuma tu, na mbali na kioo. Mvuke wake hutua kama ukungu mweupe juu ya kioo na rangi ndani ya sanduku lililofungwa.

Vitambaa

Hapa ndipo makabati mengi yanapoanguka. Uzi wa kitambaa haupungui ukikikata kitambaa kidogo, na mapazia yakisimama kama mabati kazi yote ya kuta imepotea. Tafuta voili kuukuu na skafu za hariri kwenye mitumba ya Karume au Tandika. Zilizofuliwa mara nyingi ndizo zinazolegea. Kata pazia, lilowanishe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mara kumi, likunje juu ya kipande cha sponji, lizuie kwa pini za shaba mpaka likauke. Usitumie wanga wala uji wa aina yoyote. Mende wataumaliza usiku mmoja, na pazia pamoja nao.

Kanga halisi ina karibu sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo yetu ni sentimita 12.5 kwa 9.2. Ipige picha kanga ikiwa imetandazwa sakafuni, simu ikiwa juu yake wima, mchana bila jua la moja kwa moja. Maduka ya kuchapa fulana Kariakoo yana mashine za kuhamisha wino kwa joto, na wino huo unashika kwenye poliesta tu, siyo pamba. Peleka poliesta nyembamba nyeupe. Doti moja ni sentimita 25 kwa 9.2, kwa hiyo karatasi ya A4 inabeba doti mbili. Hakikisha picha imegeuzwa kabla ya kuchapwa, la sivyo jina la kanga litasomeka kinyumenyume. Na pima pindo: likichapwa limekatwa upande mmoja, mwanamke yeyote wa Pwani ataliona kabla hajaona kitu kingine.

Godoro la inchi 4 ni milimita 8. Sponji peke yake haina uzito, na shuka juu yake hukaa kama limeelea. Shona mfuko mwembamba, utie mchanga wa mto uliooshwa na kukaangwa mpaka ukauke kabisa, sponji iwe juu yake. Mito pia. Chandarua kitundikwe kwa soksi ileile ya dirishani, nyeupe au ya bluu, na kifungwe fundo kama kinavyofungwa mchana.

Jiko na ua

Vikombe vya aluminiamu vya mishumaa midogo vina upana wa milimita 38 na kimo cha 16 hivi. Kwa kipimo chetu hiyo ni sufuria ya sentimita 45, ya pilau ya watu wengi. Moja inatosha. Sufuria za kila siku zigongwe kwa bati la kopo juu ya ncha ya kijiti cha chuma chenye duara la milimita 17 na 20. Mafundi wa Gerezani wakionyeshwa mchoro wanaweza kukuchongea ncha hizo. Dumu la lita 20 lina kimo cha milimita 32, ndoo milimita 31. Mkaa uwe mkaa: uvunje, uchekeche, chukua punje za milimita 2 hadi 4, uzinyunyizie vanishi isiyong'aa ili zisichafue. Mkeka wa ukindu wa futi 4 kwa 6 unasukwa kwa ukindu uliochanwa kwa sindano hadi nusu milimita, ukiwa umelowa; ukikauka mkononi unakatika. Ungo, kifumbu na kawa vifuate vipimo ulivyochukua.

Kuhusu watu: tunashauri wasiwepo. Sanamu ya inchi 5 na nusu yenye uso usio na uhai inaua chumba. Weka alama zao badala yake: kandambili mbili mlangoni zenye urefu wa milimita 21 na unene usiozidi milimita moja na nusu, kikombe kilichoachwa, mbuzi yenye machicha ya nazi kwenye meno yake. Atakayetaka sanamu azipige picha kila moja mahali pake. Mchoro wa kabati la Oortman uliochorwa na Jacob Appel mwaka 1710 hivi unaonyesha sanamu zilizokuwa ndani. Kabatini leo nyingi hazipo tena, na mchoro ndio unaotuambia zilikaa wapi.

Kulilinda kabati

Liweke mbali na dirisha na sentimita 10 kutoka ukutani. Jua hufifisha nyekundu kwanza, na mchwa hupitia ukutani. Kila kitu kipya cha mbao, ukindu au kitambaa kisiingie kabatini moja kwa moja. Kifunge ndani ya mfuko wa plastiki bila hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kiache mfuko ukiwa umefungwa siku nzima nje ya friza. Ukiufungua mapema, umande utatua juu ya kitu chenyewe badala ya juu ya plastiki. Ukiona ungaunga laini chini ya samani, kuna wadudu ndani ya mbao. Toa kitu hicho siku hiyohiyo na kirudishe friza.

Vidonge vya nafthalini, vile vinavyowekwa kwenye nguo, vikae mbali. Mvuke wake unalainisha plastiki za aina fulani, na ndoo zako zitanata kwenye sakafu. Tumia vifuko vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, gramu 100 kwa kila ghorofa, nyuma ya sanduku. Kuanzia Machi hadi Mei vibadilishe kila wiki; vyenye rangi hukuonyesha vikishajaa. Vikaushe kwenye oveni kwa joto la nyuzi 110 kwa saa mbili, au kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo huku ukivigeuza, ukivitoa kwanza kwenye vifuko vya plastiki.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya vipodozi, kutoka juu kwenda chini. Usipulize kwa mdomo. Mate yanakwenda na pumzi, na kandambili nazo.

Na daftari. Kwa kila kitu andika namba, kilivyo, kipimo cha cha asili na cha kijumba, malighafi, nani alikitengeneza na lini, kilitokana na nyumba ya mtaa gani, na kilikaa wapi ndani ya kabati. Namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli chini ya kitu chenyewe, au kwenye uzi wa pamba kwa vitambaa. Nakala ya pili ya daftari isikae nyumba moja na kabati.